Kuzuru Mawe: Historia ya Sanaa ya Uwandani kati ya Jinja na Mbale

Sanaa ya usimikaji, yaani kazi isiyotundikwa ukutani wala kufungiwa ndani ya kabati la kioo bali husimikwa mahali maalumu ili mtazamaji aizunguke, apite chini yake au aingie ndani yake, huhesabiwa kwa kawaida kuwa zao la karne ya 20, na jumba la makumbusho la mji mkubwa likisimika kazi ya namna hiyo katika bustani yake hujisifu kuwa limeitoa sanaa nje. Mashariki mwa Uganda mambo yalikwenda kinyume. Huko kazi za uwandani, nyingine zilizochorwa majabalini na watu ambao majina yao hayakubaki, nyingine zilizosimamishwa na serikali na wafuasi wa mashujaa, na nyingine zinazotembea kwa miguu yao wenyewe, zilianza kuwapo kabla ya majumba ya makumbusho, na jumba la taifa lilipokuja hatimaye lilijengwa Kampala, mbali na mawe hayo. Jinja na Mbale, zilizopewa hadhi ya jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, ni milango miwili ya kuingilia katika uwanja huo, na kila mmoja una historia yake ya kupokea watazamaji.

Neno linalofaa kwa historia hiyo ni kuzuru. Kiswahili huweza kusema mtu ametembelea mahali bila kumaanisha zaidi ya kwamba alifika na akaondoka, lakini kuzuru, neno lililotoka katika Kiarabu na ambalo kwa muda mrefu limeandamana na makaburi ya mawalii na miji mitakatifu, hudai nia, adabu na aghalabu kitu cha kuacha nyuma. Nomino yake, ziara, leo imeshuka daraja hata ikawa ya misafara ya mawaziri. Swali la kufuatwa katika kurasa hizi basi si nani aliyechora au kuchonga, kwani mara nyingi jibu lake limepotea, bali ni nani aliyekwenda kutazama, alikwenda na nini mkononi, na aliacha nini.

Ushahidi wa kale kuliko wote uko Nyero, katika wilaya ya Kumi, kaskazini mwa Mbale, yapata kilomita 8 kutoka mji wa Kumi kwa barabara iendayo Ngora. Hapo majabali ya matale, yaani mawe magumu yenye punje za kung'aa, yameegemeana na kulaliana hata yakaacha chini yake vibanda vya mawe, ambavyo si mapango yaingiayo ardhini bali ni sehemu zilizofunikwa juu na kuachwa wazi mbele. Vibanda sita kati ya hivyo vina michoro. Kilicho kikubwa zaidi, kinachojulikana na watafiti kama Nyero ya pili, kina ukuta wa mwamba uliosimama wima kwa kimo cha mita 10 hivi, na jabali lililoning'inia juu yake limeukinga usipigwe na mvua, ndiyo maana rangi bado zinaonekana. Nyingi ni nyekundu ya ngeu, udongo wenye chuma ambao maseremala wa pwani huutumia kupiga mstari juu ya ubao. Nyingine ni nyeupe, hasa katika kibanda cha kwanza na cha tatu. Watu na wanyama ni nadra. Kinachotawala ni miduara ndani ya miduara yenye kitovu kimoja, kama viwimbi vya maji yaliyotupiwa jiwe, na kando yake maumbo marefu yaliyopinda ambayo wengine huyaona kuwa mitumbwi na wengine maganda ya mbegu za mgunga.

Wateso, ambao ndio wenyeji wa Nyero leo na ambao wazee wao walihamia huko kutoka upande wa Karamoja, hawadai kwamba ni wao waliochora. Masimulizi huitaja jamii ya watu wafupi iliyowatangulia, na hapo masimulizi na utaalamu vinakaribiana, kwani watafiti huiweka michoro ya Nyero pamoja na michoro ya maumbo ya kijiometri iliyotapakaa Afrika ya kati, ambayo huhusishwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji matunda zinazonasibishwa na Watwa. Catherine Namono, mtafiti wa Uganda aliyeandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Afrika Kusini, ameilinganisha na sanaa za watu wa msituni, wakiwamo Wambuti wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ambao wanawake wao huchora mistari na mafumbo juu ya nguo za magome ya miti na juu ya ngozi ya mwili. Uzito wa hoja hiyo ni kwamba jabali halikuwa ukuta wa kutundikia picha. Lilikuwa ngozi mojawapo kati ya ngozi kadhaa zilizostahili kuchorwa, na mchoro wake haukutengwa na kazi ambayo mchoro huo ulifanya.

Kazi hiyo inajulikana kwa sehemu, kwa sababu iliendelea kufanywa na watu ambao si wazao wa wachoraji. Michoro ya Nyero iliingia katika maandishi ya wageni mwaka 1913, na baadaye ikachunguzwa na E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni. Lakini wakati wataalamu wakipima miduara na kuinakili, familia za Kiteso zilikuwa bado zikisafiri kutoka mbali kuja kutambika chini ya majabali hayo hayo, kuomba mvua na uzazi, na wengine walifukia fedha ardhini karibu na michoro. Desturi hiyo ilidumu hadi miaka ya 1960. Mtu aliyezuru Nyero mwaka 1950 kwa hiyo angeweza kukuta wageni wa aina mbili mbele ya ukuta mmoja, mmoja na utepe wa kupimia na mwingine na sarafu, na si rahisi kusema yupi kati yao aliuelewa ukuta huo vizuri zaidi. Hali kama hiyo ipo Kondoa, katikati ya Tanzania, ambako majabali yenye michoro yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 bado hutembelewa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na uganga, hasa huko Kolo.

Kusini zaidi, katika Ziwa Viktoria, kisiwa cha Dolwe, kiitwacho pia Lolui na kilichomo leo katika wilaya ya Namayingo huko Busoga, kinaongeza jambo ambalo Nyero haina, nalo ni sauti. Pamoja na michoro na vishimo vingi vya kusagia vilivyochimbika juu ya mwamba, kisiwa hicho kina mawe ya mlio, yaani vipande vikubwa vya jiwe vilivyokaa juu ya mawe mengine kwa namna ambayo vikigongwa kwa jiwe dogo hutoa sauti kali kama kengele, na alama za kugongwa kwake miaka mingi zimebaki kama vikombe vidogo usoni mwa jiwe. Merrick Posnansky na wenzake waliandika habari za mawe hayo mwaka 1965. Walikuta uwanja usio na wachezaji wake wa zamani, kwa sababu mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, uenezwao na mbung'o na uliowaua zaidi ya watu 200,000 katika mwambao wa Busoga, Buganda na visiwani, uliifanya serikali iwahamishe kwa nguvu wakazi wa pwani ya ziwa na wa visiwa vyake. Kazi ya sanaa ilibaki mahali pake. Waliojua wakati wa kuigonga waliondolewa.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya malale ndipo makumbusho kama jumba yalipoingia Uganda. Mkusanyo wa kwanza uliwekwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, kilima cha Old Kampala, na Waganda waliokuwa wakiona hirizi, mapembe ya uganga na vyombo vya mizimu vikipangwa humo waliliita jengo hilo Enyumba ya Mayembe, nyumba ya mapembe ya kiganga, jina lililokuwa na mzaha na woga kwa pamoja. Baadaye mkusanyo ulihamishiwa Makerere chini ya uangalizi wa Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya chuo hicho, na mwaka 1954 ukapata jengo lake la sasa katika Barabara ya Kira, lililosanifiwa na Ernst May, msanifu wa Kijerumani aliyekimbilia Afrika Mashariki. Nyuma ya jengo hilo kuna kile kiitwacho kijiji cha utamaduni, yaani nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Uganda zilizojengwa kwa miti, udongo na nyasi ili mgeni azunguke nchi nzima kwa dakika chache. Ni usimikaji kwa kila maana ya neno hilo, na una faida yake kwa watoto wa shule, ingawa nyumba ambayo haikupikiwa wala kulaliwa hueleza umbo bila kueleza maisha. Mwaka 2011 mpango wa serikali wa kujenga mahali hapo mnara wa ghorofa 60 ulipingwa vikali na watetezi wa urithi, na jumba limebaki.

Jinja ina uhusiano mwingine na mawe, na uhusiano huo umo katika jina lake. Neno hilo humaanisha jiwe katika Kiganda, na miamba iliyotajwa ni ile iliyoukata ukingo wa Ziwa Viktoria na kuyaachia maji yatoke kuwa mto ambao wenyeji huuita Kiyira na dunia huuita Naili. John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Uingereza la India, alipofika hapo tarehe 28 Julai 1862, aliandika kwamba Waganda huyaita maporomoko hayo mawe, basi. Yeye akayaita Ripon, kwa heshima ya bwana aliyekuwa mkuu wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia safari yake ilipoandaliwa, na mkono wa ziwa ulioelekea hapo akauita Napoleon kwa ajili ya chama cha jiografia cha Ufaransa kilichomtunuku medali. Ripon hakuwahi kuyaona maji hayo na Napoleon pia hakuyaona, lakini ghuba ya Jinja ina jina la Napoleon hadi leo. Speke hata hivyo alikuwa mtazamaji mzuri, na maelezo yake ya siku ile yamehifadhi kitu ambacho hakuna atakayekiona tena: samaki kwa maelfu wakiruka kupanda maporomoko, wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamesimama juu ya miamba na fimbo za ndoana, viboko na mamba wamelala majini, kivuko kikivusha watu juu kidogo ya maporomoko, na ng'ombe wakishushwa ukingoni kunywa.

Siku chache kabla ya hapo, walipoufikia mto huko Urondogani, Speke aliwahimiza wapagazi wake wanyoe vichwa na kuoga katika mto huo mtakatifu wa Musa, akitaka kwa dhahiri kwamba msafara wake uwe ziara ya kidini. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa utumwani India akiwa mtoto, akarudi Zanzibar na kuwa kiongozi mashuhuri wa misafara iliyozungumza Kiswahili, alimjibu kwa ufupi kwamba wao hawavitazami vitu hivyo kwa fikira kama zake, bali huridhika na mambo ya kawaida ya maisha. Pengine ndilo jibu la kwanza lililoandikwa la mtu wa Afrika Mashariki kuhusu utalii wa chanzo cha Naili, na linastahili bango lake pale ukingoni kuliko maneno mengi yaliyowekwa. Kumbukumbu iliyowekwa ni mnara mwembamba uliochongoka juu, kwenye ukingo wa magharibi upande wa Njeru, unaomtaja Speke na wala haumtaji Bombay.

Winston Churchill alipopita Jinja mwaka 1907 aliyatazama maporomoko kwa jicho la mhesabu: aliona nguvu inayopotea bure, na katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka uliofuata akabashiri kwamba siku moja mto huo utaanza mwendo wake kwa kupitia ndani ya mitambo. Ilichukua karibu nusu karne. Bwawa la Owen Falls, lenye urefu wa mita 831, lilijengwa chini kidogo ya Ripon baada ya makubaliano kati ya Uingereza na Misri, nchi iliyochangia gharama ili ziwa zima liwe akiba yake ya maji, na Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua tarehe 29 Aprili 1954. Miamba ya Ripon ilivunjwa kwa baruti na kufunikwa na maji. Aliyetaka kuzuru chanzo cha Naili tangu mwaka huo alikuja kutazama mahali ambapo kitu chenyewe hakipo, jambo ambalo waendesha mashua wa Jinja wamelishughulikia kwa ustadi kwa kuwaonyesha wageni kisiwa kidogo na maji yanayofoka karibu nacho.

Lakini miamba hiyo haikutoweka kabisa, na hapa historia ya Jinja ina jambo la ajabu ambalo wasanii wangelionea wivu. Kabla ya 1954 ukingo wa Ripon ndio uliokuwa ukiamua ni maji kiasi gani yatoke ziwani kwa kila kimo cha ziwa. Misri ilipokubali bwawa lijengwe ilitaka uamuzi huo wa mawe usibadilishwe, na kwa hiyo wahandisi walichora mstari wa hesabu unaoonyesha kiasi cha maji ambayo miamba ingepitisha, na malango ya bwawa yakaamriwa kufunguliwa kwa kuufuata, huku mhandisi wa Kimisri akikaa Jinja kuhakikisha. Maporomoko yaliyovunjwa yaliendelea basi kutawala mto kama kanuni iliyoandikwa karatasini. Katikati ya muongo wa 2000, kanuni hiyo ilipokiukwa kwa kutoa maji mengi zaidi katika miaka ya ukame, ziwa lilishuka hadi magati yakabaki juu ya matope; na Mei 2020 mvua zilipozidi, kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, juu kuliko wakati wowote tangu upimaji kuanza katika karne ya 19, na sehemu za ukingo zilizotayarishwa kwa ajili ya wageni zikazama.

Bustani ya ukingo wa mashariki imepokea kazi nyingine. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi, aliyeuawa Delhi mwezi Januari mwaka huo, ilimwagwa katika Naili hapo Jinja, mji ambao maduka yake ya Main Street, yenye miaka ya kujengwa iliyoandikwa kwa saruji juu ya milango, na kiwanda chake jirani cha sukari cha Kakira, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, vilikuwa mikononi mwa familia zilizotoka Gujarat. Mwaka 1972 Idi Amin alizipa familia hizo siku 90 kuondoka. Mwaka 1997, baada ya baadhi yao kurudi na kurudishiwa mali, Waziri Mkuu wa India, I. K. Gujral, alizindua mahali hapo sanamu ya kichwa na kifua cha Gandhi. Sanamu hiyo hupewa mashada ya maua, na wengine humwaga hapo majivu ya ndugu zao, hivyo kwamba kati ya kumbukumbu zote za Jinja ndiyo inayozuriwa kwa maana ya asili ya neno. Huko Ghana, sanamu ya Gandhi iliyokuwa katika Chuo Kikuu cha mjini Accra iliondolewa mwaka 2018 baada ya wahadhiri na wanafunzi kukumbusha maandishi yake ya ujanani kuhusu Waafrika. Ya Jinja imebaki, pengine kwa sababu inalinda kaburi la maji kuliko kumtukuza mtu.

Kaburi la namna nyingine liko kilomita chache chini ya mto. Maporomoko ya Bujagali yalikuwa makao ya Budhagali, mzimu mkubwa wa Wasoga, ambaye mshika nafasi yake duniani alirithiwa kizazi hadi kizazi, na ambaye kwa masimulizi huweza kukaa juu ya maji akiwa ameketi kwenye kipande cha nguo ya magome. Lilipoamuliwa kujengwa bwawa la megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012, zilifanywa sherehe za kuihamisha mizimu mahali pengine, na yakazuka mabishano ambayo hayakuwa na mfano katika mikataba ya kawaida ya ujenzi, kwani mganga mmoja alikubali kuiondoa na mshika mzimu mwenyewe akashikilia kwamba Budhagali hahamishiki. Maji yalipanda hata hivyo. Kwa mara ya pili katika miaka isiyofika 60, Jinja ilipata umeme kwa kuzamisha mahali palipozuriwa.

Mbale haina bwawa la kuzamisha kitu. Mji huo, ulio chini ya ukuta wa Wanale, tawi la Mlima Elgon ambao Wagisu huuita Masaba, ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeitiisha nchi ya mashariki akishirikiana na Waingereza kisha akakosa ufalme aliotarajia kuupata kwa kazi hiyo. Kakungulu alinyoosha barabara na kuzipandia miti, na katika miaka michache kambi yake iliwavuta wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu na Waswahili waliozoea njia za pembe za ndovu kuelekea mlimani. Mwaka 1919 aliachana na Wakristo akaanza kufuata Torati, na jamii ya Abayudaya aliyoiacha ingali ikisali katika sinagogi la kilima cha Nabugoye. Mnara wa saa katikati ya mji ni alama ya kuelekezea wageni, basi. Sanaa kubwa ya Mbale haikusimikwa penye makutano ya barabara.

Sanaa hiyo ni imbalu, jando la Wagisu, linalofanyika katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na linalofunguliwa mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto, pembezoni mwa Mbale, mahali ambapo masimulizi yanasema Mgisu wa kwanza alitahiriwa, baada ya mke wa babu yao Masaba, Nabarwa aliyetoka katika jamii jirani yenye desturi hiyo, kuidai tohara kama sharti la ndoa. Wanaanthropolojia, akiwamo Jean La Fontaine katika miaka ya 1950 na Suzette Heald baada yake, wameeleza kwa kirefu maana ya imbalu katika ujasiri na hasira za wanaume. Kinachohusu mjadala huu ni upande wake wa kutazamwa. Mtahiriwa hufungwa njuga mapajani, huvishwa shanga zilizopishana kifuani na ngozi za mbega, hupakwa unga wa ulezi na kimea kwa awamu, na siku yenyewe hupakwa tope la kinamasi kitakatifu, hivyo kwamba mwili wake hubadilika rangi hatua kwa hatua kadiri kisu kinavyokaribia. Kisha, na hapa ndipo imbalu inapoipindua taratibu ya Nyero na ya Jinja, kazi hiyo ya sanaa haingoji kuzuriwa, ndiyo inayozuru. Kwa siku kadhaa kijana hukimbia na kucheza kutoka boma hadi boma, akifuatwa na ngoma za kadodi, akiwafikia shangazi na hasa wajomba, ambao humpa kuku, mbuzi au ng'ombe, na akirudi kwao husimama wima mbele ya ngariba bila kupepesa jicho, akitazamwa na wote aliowatazama.

Wasanii wa Kampala waliifikia hila hiyo kwa njia yao. Mwaka 2012 tamasha la KLA ART liliweka kazi ndani ya makontena ya mizigo yaliyosimamishwa sehemu mbalimbali za jiji, ili mpita njia aingie bila kiingilio, na mwaka 2014 baadhi ya kazi zilipandishwa juu ya pikipiki za bodaboda, chombo ambacho jina lake lenyewe lilizaliwa mashariki, katika mpaka wa Busia, zikawafuata watu mitaani. Magazeti yaliandika kwamba sanaa imetoka nje ya jumba, na kwa Kampala maneno hayo yalikuwa sahihi. Huko Bugisu mtu angeuliza ilikuwa imeingia ndani lini.

Hali ya Nyero, iliyo wazi kwa wote, imekuwa ngumu zaidi kuliko ya sanaa itembeayo. Eneo hilo liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya kumbukumbu za kihistoria ya mwaka 1967, na tangu 1997 limo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, yaani orodha ya mahali ambapo nchi inakusudia kupaombea hadhi hiyo. Wakati huo huo matale ya Teso yanatafutwa na wavunja kokoto, ambao wanahitaji kula na ambao jabali lenye miduara hawawezi kulitofautisha kwa uchumi na jabali lisilo na kitu, na baadhi ya wageni wameandika majina yao kwa chaki na makaa juu ya ukuta, wakiacha sahihi mahali ambapo mchoraji mwenyewe hakuiacha. Sarafu hazifukiwi tena chini ya jabali. Kiingilio hulipwa kwa serikali, kabla mgeni hajaanza kupanda.